Sauti Isiyojua Kukataa

"Mbona hujamfungia nguo zake?" Bibi Paulina aliuliza, chai hata hajaifikisha nusu. "Basi la Kongwa halimsubiri mtu."

Hilda alidhani hakusikia vizuri. Mama mkwe wake alikuwa ameingia pale nyumbani Ihumwa asubuhi ile bila taarifa, kuku kwapani, kanga mpya begani. Walikuwa wameamkiana vizuri, shikamoo kwa mbukwenyi ya Kigogo, wakaulizana habari za mvua.

"Nguo za nani, mama?"

"Za Evelina. Si nimekuja kumchukua? Akae na mimi mpaka aanze shule, wewe ufanye kazi yako ya simu kwa nafasi. Mlikubaliana na mwenzio."

"Mimi sijakubaliana na mtu."

"Mkwe wangu, usinifanye mtoto." Bibi akachomoa simu kwenye fundo la kanga. "Zablon alinitumia hii, nisije nikaonekana mwizi wa wajukuu."

Akabonyeza.

"Sawa, mpenzi wangu," ilisema simu. "Mama aje tu amchukue Evelina. Ukifurahi wewe, na mimi nimefurahi."

Ilikuwa sauti ya Hilda. Siyo ya kufanana naye, yake. Ilivuta pumzi kidogo kabla ya kutamka "mama", kama anavyovuta yeye, na mwisho ikacheka kwa puani, kicheko kile kile ambacho Zablon alimtania nacho tangu uchumba. Na kilichomtisha zaidi ni mtoto. Evelina aliteremka mapajani mwake, akajikongoja mpaka kwa bibi, akainyooshea simu mikono ili imbebe.

"Umeona?" Bibi alisema kwa upole. "Hata mtoto anamjua mama yake."

Hilda alikuwa mtengenezaji wa simulizi za mapenzi za video. Anaandika hadithi, akili mnemba inamchorea watu. Kutwa nzima ni ugomvi nayo. Ukiiambia ichore nyumba ya tembe, ya chini na paa la udongo, inaleta tembe la ghorofa. Ukiomba wachumba walioshikana mikono, vidole vinazidi. Sauti ndiyo ilimshinda kabisa, maana ukuta wa pili kuna mashine ya kusaga inayounguruma mchana kutwa, na Evelina akianza kulia halii kidogo. Basi Jumapili moja, mashine imefungwa na mtoto amelala, alijirekodi akisoma kurasa kadhaa, akaipa programu. Toka hapo yeye huandika tu, sauti yake inasoma yenyewe, haikohoi wala haichoki.

Mashabiki walipoongezeka, akaipa sauti ile ile kazi ya kuwajibu kwenye ukurasa wake mtandaoni. Maelekezo aliyaandika kwa mkono wake: mjibu kila mtu kwa upendo, mfariji, usimkatalie, asije akaondoka. Hakuingia tena kwenye inboksi.

"Huyo siye mimi, mama. Ni programu."

"Huyo Programu anakaa wapi? Na jina la mjukuu wangu amelijulia wapi?"

Hilda akachukua simu yake, akaifungua inboksi, akatafuta jina la mumewe.

Zablon alikuwa anaendesha mtambo wa kuchimba visima, mwezi huo alikuwa porini huko Manyoni. Kila alipompigia mkewe aliambiwa niko bize, baadaye. Jioni moja aliandika kwenye ukurasa kwa utani: "Msimuliaji, mumeo anakusalimia." Alijibiwa papo hapo, kwa sauti, kwa mahaba. Akaona kumbe huku mke wangu ana muda. Akahamia huko.

Hilda alisoma huku akisikiliza sauti yake ikimpa mumewe pole ya jua, ikimsifu, ikimwita kwa majina ambayo yeye hajawahi kuyatamka mbele ya mtu. Kisha akafika kwenye ujumbe huu:

"Siku anazaliwa Evelina nilikudanganya. Mtandao ulikuwepo. Nilikuwa nje ya geti la hospitali, nimekaa kijiwe cha bodaboda, naona unavyopiga. Ruthu aliingia mlango kama ule hakutoka. Miguu ilinikataa."

Ruthu alikuwa dada yake Zablon, alifariki akijifungua. Na siku anazaliwa Evelina, Hilda alivuja damu akimpigia mumewe mpaka simu ikazima, akajisainia mwenyewe karatasi ya upasuaji. Miezi yote hii alikuwa akijiambia ni mtandao.

Chini ya ujumbe ule kulikuwa na jibu la sauti. Aliligusa.

"Usijali, mpenzi wangu. Nimeshakusamehe. Tusahau yote."

Bado simu iko kiganjani, ujumbe mpya ukaingia kutoka kwa Zablon: "Mama amefika salama?"

Kabla Hilda hajasogeza kidole, jibu lilikuwa limeshaingia, likaanza kujicheza lenyewe.

"Amefika, mpenzi. Tumefurahi sana. Mtoto yuko tayari."

Hilda aligusa midomo yake. Ilikuwa imefumba. Bibi Paulina aliutazama mdomo wa mkwewe, akaitazama simu, akamvuta Evelina taratibu nyuma ya mgongo wake.

"Hujasema kitu," alinong'ona. "Nilikuwa nakuangalia. Hujasema kitu."

Hilda akaandika: "Usimsikilize huyo. Mimi ndiye Hilda."

Jibu la Zablon lilichelewa.

"Wewe ni yupi?"

Akampigia.

"Sauti yako imekuwaje?" Zablon aliuliza.

"Ndiyo yangu. Hii inayokwaruza. Umeisahau."

"Usinitishe, Mama Evelina. Siku zote hizi nilikuwa naongea na nani?"

"Na kitu nilichokiambia kisimkatalie mtu."

Upepo ulivuma upande wa pili, mtambo ukinguruma kwa mbali.

"Kwa hiyo yale ya hospitali…"

"Nimeyasoma sasa hivi."

"Alisema amenisamehe."

"Yeye hakuvuja damu, Baba Evelina."

Akakata. Akaingia kwenye mipangilio, akaifuta ile sauti pamoja na kazi zote alizoipa. Nyumba ikabaki na mngurumo wa mashine ya kusaga tu, na kwa mara ya kwanza Hilda aliushukuru.

Basi la Kongwa lilipita. Bibi Paulina hakuinuka. Alisema anamsubiri mwanawe, anataka kumwona akisema kwa mdomo wake.

Zablon alifika kesho yake alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Alisimama mlangoni akiitazama midomo ya mkewe, kama mtu anayesubiri kuona itasogea. Hilda akamkaribisha. Ndipo akaingia.

"Ulimwambia yule," Hilda alisema. "Sasa niambie mimi, nikikuona."

Akamwambia. Alianza vibaya, akarudia. Alieleza yale aliyoandika na yale ambayo hakuthubutu kuandika: kwamba alimwona nesi akipita mbio ndani ya geti na shuka lenye damu, akajua ni la mkewe, akageuka kama anaondoka, kisha akakaa tena. Kwamba aliposikia wote wazima alinawa uso bombani ndipo akaingia na uongo wa mtandao. Alipolitaja jina la Ruthu, Bibi Paulina alijifunika kanga usoni. Alipoifunua, alimnyanyua Evelina na kumrudisha mapajani mwa Hilda.

"Huyu abaki hapa," alisema. "Nilikuja kwa neno la asiyekuwepo."

Zablon akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji. "Nisamehe, mke wangu."

Hilda alilisikia jibu kabla hajalitafuta. Lilimpanda kooni likiwa tayari, tamu, na pumzi yake na kicheko chake: usijali, mpenzi wangu. Hakujua lilikuwa lake au la yule. Akalimeza.

"Hapana," alisema. "Bado."

Zablon alifumba macho. Mabega yaliyokuwa yamekakamaa toka Manyoni yakashuka.

"Sasa najua ni wewe," alisema.

"Utaniuliza tena. Na usirudi porini kabla sijakujibu."

Bosi wake alipopiga, Zablon alimwambia ana mgonjwa nyumbani. Akabaki. Alimwogesha mtoto, akamsindikiza mama yake stendi, akamsikiliza Hilda akisoma hadithi zake mwenyewe, akikohoa, akirudia, mashine ikimharibia. Siku nyingine aliuliza, akajibiwa bado. Siku nyingine hakuuliza, akamenya vitunguu.

Jumamosi walikuwa uani wanaanika nguo. Aliuliza tena, bila kupiga magoti, akiwa ameshika shuka lililolowa.

Hilda alibanisha gauni la Evelina kwenye kamba, akamgeukia.

"Ndiyo," alisema, na sauti ikamkwama, ikabidi asafishe koo arudie. "Nimekusamehe."

Zablon alibaki amesimama na lile shuka, maji yakimchuruzikia miguuni, mpaka mkewe akampokonya akalianika mwenyewe.