Usitukutanishe

Jua lilikuwa linazama nilipofunga studio na kuvuka barabara kwenda kwa fundi cherehani. Alitaka picha ya mama yake, aliyekuwa kitandani miguu imekufa ganzi.

"Mpige vizuri, mdogo wangu. Ya kutundika ukutani, sio hizi za simu."

Nilibeba kamera mbili. Moja ndogo ya dijitali, ya picha za pasipoti. Hiyo hata mtoto anaiweza. Nyingine ya filamu, kuukuu, ninayoipenda kupita kiasi. Hiyo haitaki haraka. Ukichungulia kwenye kidirisha chake unamwona mtu mara mbili: sura moja kamili, nyingine hafifu, imekaa pembeni kama kivuli. Unazungusha lenzi taratibu mpaka zikutane. Zikikutana, unabonyeza.

Chumba kilinuka dawa ya kuchua. Fundi alimwegemeza mama yake kwenye mto, akamfunga kilemba kipya, akarudi sebuleni kwenye cherehani yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilianza na ya dijitali. Klik. Bibi kizee kitandani, basi. Nikachukua ile kuukuu, nikachungulia. Sura mbili, kama kawaida.

Bibi alikuwa ametulia tuli. Yule hafifu akapepesa macho.

Nilidhani ni uchovu. Nikafuta kioo kwa upindo wa gauni, nikachungulia tena. Bibi yuko vilevile. Yule mwingine amekaa kitako, miguu sakafuni.

Nikatazama kwa macho yangu: bibi peke yake. Nikapiga tena kwa dijitali: bibi peke yake.

Harufu ikabadilika... Udongo mbichi. Kama shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Umemwona," bibi alinong'ona.

"Ni nani, bibi?"

"Simjui. Amevaa sura yangu tangu nianze kuugua. Miguu yangu anayo yeye. Lakini hawezi kuingia mwenyewe, anangoja mtu amsaidie." Alivuta shuka mpaka kifuani. "Mwanangu... usitukutanishe."

Nilitaka kuishusha kamera. Wallahi nilitaka. Mikono ilikataa. Lenzi ikaanza kuzunguka yenyewe chini ya vidole vyangu. Krr... krr... Yule hafifu akasogea, akajilaza juu ya bibi polepole, pua juu ya pua, jicho juu ya jicho.

Bibi alifumbua mdomo amwite binti yake.

Klik.

Kisha akafunua shuka, akasimama. Akanipita bila kunitazama, akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Sebuleni cherehani ilinyamaza ghafla.

"Mama!" Fundi alikuwa analia kwa furaha. "Mama, umetembea!"

Mimi bado nilikuwa na kidirisha jichoni. Kitandani, hafifu kama moshi, bibi alikuwa amelala palepale. Anafumbua mdomo, anafumba. Anafumbua, anafumba.

Hakuna sauti.

Nilimwambia fundi jioni ileile. Nikamwambia tena baadaye. Alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

"Mama yangu anakula, anafua, anacheka. Wewe unataka arudi kitandani?"

Nilirudi na kamera mara kadhaa, nikazungusha lenzi kinyume mpaka vidole vikachubuka. Yule mwingine hakutoka katika mwili wa bibi. Filamu nilipoisafisha ilitoa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Fundi ameitundika ukutani.

Jana jioni alikuja studio. Hakutaka kuketi. Alisema amelitoa nje godoro la mama yake, akalichoma moto.

"Kwa nini, dada?"

Alitazama ng'ambo ya barabara. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, wima, anatuangalia.

"Lilikuwa linaniita," alinong'ona. "Kwa sauti yake. Nikamwambia mama, akaniletea kiberiti."

Aligeuza uso kwangu.

"Liliomba maji, mdogo wangu. Liliomba maji mpaka likaisha."