Mpaka Apate Joto

Asubuhi ile kaka yangu alikunywa chai taratibu, akapiga viatu rangi, akamtania mama kwamba anaenda kufanya kazi ya samaki.

"Watu wote wanalipia friji umeme," alisema. "Mimi friji ndiyo itanilipa."

"Baba, usije ukanirudia umeganda," mama akamjibu.

"Nikiganda utanianika na nguo."

Alikuwa amejitolea kwenye utafiti wa chuo kikuu. Walitaka kujua mwili wa mtu aliyekulia kwenye joto hufanya nini ukikutana na baridi kali. Wakimpenda, wangemwajiri kusafisha maabara, nami ningerudi shule, maana niliishia kidato cha pili baba alipofariki. Kila aliyejitolea alitakiwa aje na ndugu mmoja. Nikaenda mimi.

Chumba cha baridi kilifanana na kontena, kikiwa na dirisha la kioo kinene upande mmoja. Daktari aliyesimamia utafiti, mwanamke mpole mwenye miwani, alimbandika kaka nyaya kifuani, akamvisha glavu, akamkalisha kwenye benchi fupi. Hakukuwa na kitu kingine mle ndani. Kisha akafunga mlango, tukabaki nje tukimtazama.

Mwanzoni kaka alininyooshea dole gumba. Baadaye akaanza kutetemeka mwili mzima, akijitahidi kucheka. Halafu kutetemeka kukakoma ghafla. Akageuza kichwa upande wake wa kulia, midomo ikicheza. Akasogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake akae. Akavua glavu. Akafumbata hewa kati ya viganja vyake, akaipulizia pumzi.

"Anaongea na nani?" niliuliza.

"Baridi huchezea akili, mdogo wangu," Daktari alisema. Lakini alikuwa ameshakimbilia mlango.

Kaka alitoka akitabasamu. "Yule dada mbona mmemwacha?"

Daktari alinong'ona, "Amekwambia nini?"

"Anaomba kupashwa mikono tu. Nimempasha. Maskini, mikono yenyewe kama chuma."

Daktari akazima taa ya chumba kile. Hakututazama tena usoni mpaka tunaondoka.

Tulifika nyumbani mchana, jua likichoma mabati. Kaka alikaa sebuleni, akavua shati. Baada ya muda akavua na fulana.

"Joto gani hili?" alilalamika. "Ninaungua."

Akaingia chumbani kwa mama, akatoa nguo zote kabatini, akajikunja mle ndani, magoti kifuani.

"We mtoto, utanivunjia kabati!" Mama alikuwa anacheka. Akamshika bega amtoe. Kicheko kikakatika. Akautazama mkono wake, kisha akanitazama mimi.

"Mguse kakako," alisema kwa sauti ndogo.

Nilimgusa. Nilihisi kama nimeshika bomba la maji alfajiri.

Nilimpigia Daktari simu, akaja na gari la chuo. Njiani kwenda hospitali alitueleza kwamba mtu anayekufa kwa baridi hufika mahali akahisi anaungua. Huvua nguo. Hutafuta tundu la kujificha. "Lakini hayo hutokea kwenye theluji," alisema. Nje watu walikuwa wanatembea na miamvuli ya jua.

Moyo wa kaka ulisimama kabla hatujafika.

Walimpasha moto kwa kila njia. Blanketi, hewa ya moto, dripu ya maji vuguvugu. Muuguzi alimwekea kifuani chupa ya maji ya moto. Aliporudi kuichukua, maji yalikuwa barafu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kuomba mashuka ya ziada.

"Amekufa?" mama aliuliza.

"Mtu wa baridi hatumwiti maiti mpaka apate joto," Daktari alijibu. "Akipata joto na moyo ukakataa, hapo ndipo tunasema amekufa."

Joto halikuja. Siku zikapita, kipimajoto hakikupanda hata kidogo. Mwili haukuoza. Mama alilala miguuni pake, akimsugua nyayo mpaka viganja vyake vikachubuka. Mwishowe baba mkubwa akaja na wanaume wa ukoo.

"Shemeji, inatosha. Tumzike mtoto."

Daktari alinivuta kwenye korido. Alikuwa analia. "Wazuie. Kabla yake tulikuwa na binti mmoja kwenye chumba kile. Ndugu zake hawakutaka kungoja. Walimzika akiwa bado wa baridi."

Nilimkimbilia baba mkubwa, nikamwambia yote. Hata hakusimama. "Nenda ukakae na mama yako. Hao waliomgandisha ndio wa kutufundisha kuzika?"

Mama aliziachia nyayo za kaka. Alikuwa amechoka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Tukamzika, amefungwa sanda, amenyooka.

Kesho yake mchana nilikwenda makaburini na mama. Jua lilikuwa kali, udongo wa makaburi mengine umepasuka kwa ukavu. Wa kaburi la kaka ulikuwa mweupe. Umeganda. Majani ya pembeni yalivunjika tulipoyakanyaga.

Mama alipiga magoti. Katikati ya weupe ule palikuwa na sehemu ndogo inayoyeyuka. Mvuke ulikuwa unatoka.

"Anapata joto," mama alinong'ona. Kisha akapiga kelele. "Anapata joto! Fukueni! Mwanangu anapata joto!"

Nilikimbia kutafuta watu. Waliporudi nami na majembe, mama alikuwa anachimba kwa kucha. Udongo uligoma kama saruji. Walichimba huku wakipokezana. Daktari, niliyempigia simu, alifika wakati wanafikia chini.

Kaka hakuwa amenyooka.

Sanda ilikuwa pembeni. Alikuwa ameparua ukuta wa kaburi mpaka pakawa na tundu. Alikuwa amejikunja mle, magoti kifuani.

Walimtoa. Mama akamkumbatia, akaweka shavu lake kwenye shavu la mwanawe. "Wa moto," alisema. "Mguseni. Ni wa moto kabisa."

Daktari alimpima. Akasikiliza kifua kwa muda mrefu sana. Aliposimama, alikitazama kipimajoto.

"Ana joto kama langu," alisema. Akavua miwani. "Sasa amekufa."

Tulimwosha upya kabla ya kumrudisha. Mama mwenyewe alimmiminia maji ya moto. Tulipomgeuza, tuliona mgongoni alama mbili za viganja vyembamba, vya mwanamke, nyeupe kwa barafu. Mama alimimina maji juu yake ndoo baada ya ndoo.

Hazikuyeyuka.