Mlango wa Mkunga

"Dada, nina swali moja tu, na naomba unijibu ukweli. Mumeo alimgongea mama mlango?"

Mshonaji aliibana simu kati ya sikio na bega, mikono yake ikiwa bado kwenye suruali ya mteja aliyokuwa akiipunguza kiuno. Aliyepiga alikuwa Mwalimu, binti pekee wa yule bibi ambaye mtaa mzima wa ufukweni ulimwita Mkunga.

"Aligonga," akajibu bila kusita. "Akakuta kufuli. Mama alikuwa ameshaondoka na lori la kwanza, ndiyo sisi tukapanda la pili."

Upande wa pili sauti ya Mwalimu ikashuka.

"Waliokuwa wanaondoa kifusi wamempata leo asubuhi. Alikuwa ndani, dada. Mlango umelala chini na komeo la ndani bado limefungwa. Hakukuwa na kufuli lolote."

Mshonaji hakujua suruali ya watu ilimtoka saa ngapi mikononi. Alijikuta tu amekaa sakafuni, tumbo la miezi minane limemtangulia, simu imeshakatika.

Kimbunga kilikuwa kimepita wiki tatu nyuma, alasiri, mchana kweupe. Redio ilitangaza tangu asubuhi, malori mawili yakaletwa kuhamisha watu, na hadi saa kumi na mbili mtaa wao haukuwepo tena. Nyumba mia moja na kitu, kinyozi, duka la dawa, uwanja wa mpira, vyote vilifagiliwa. Yeye na mumewe, fundi bomba, wakahifadhiwa na kaka yake kwenye mji wa bara, chumba kimoja cha nyuma. Waliobaki wakatawanyika. Kila siku aliona kwenye kundi la simu la majirani mtu mwingine "ameondoka kwenye kundi", akajua huyo kakata tamaa ya kurudi.

Na ni yeye, kwa kidole chake, aliyeandika kwenye kundi hilo siku ya pili: "Mkunga msimtafute mtaani, aliondoka na lori la kwanza."

Fundi alirudi saa kumi na moja jioni. Alikuwa amepata kibarua cha kuunganisha mabomba kwenye kambi ya waliohamishwa, na alirudi kama kawaida yake, matope mpaka kwenye nyusi.

"Keti," mkewe akamwambia.

"Ngoja nioge kwanza, mama watoto, natisha."

"Keti na matope yako."

Akaketi. Mshonaji akamtazama usoni.

"Wamempata Mkunga. Ndani ya nyumba yake."

Fundi hakushtuka. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyekuwa akiisubiri habari hiyo mlangoni kila siku. Hapo ndipo mkewe alipojua.

"Uligonga?"

"Sikugonga."

"Nilipokutuma kwake, ulifika wapi?"

"Kwa kinyozi. Maji yalikuwa magotini, na mabati yameanza kuruka. Nikageuka, nikaona dereva anawasha lori. Wewe umesimama nyuma, umeshika tumbo, unanitafuta kwa macho. Nikarudi."

"Na kufuli ulilitoa wapi?"

"Lilinijia mdomoni tu. Nilijua nikisema sijafika, utashuka umfuate."

"Ningeshuka, ndiyo!"

"Basi ndiyo hivyo."

"Usinifanye mimi kisingizio!" Sauti ilimpanda hata wifi yake akatokeza kichwa kutoka jikoni, kisha akakirudisha haraka. "Kurudi nakuelewa. Mimi si mwendawazimu. Lakini kesho yake je? Wiki tatu unalala ubavuni mwangu, kila nikiuliza Mkunga kafikia wapi, unaniambia labda simu yake haina chaji! Mwanawe anazunguka kambi kwa kambi na picha ya mama yake, na wewe unajua!"

"Sikujua kama amekufa. Nilikuwa naomba awe ametoka mwenyewe."

"Ulikuwa unaomba, mimi nikawaambia watu wasimtafute."



Mkunga hakuwa jirani tu kwa Mshonaji. Mimba zake mbili za kwanza ziliharibika, na mara zote mbili yule bibi alikuja na mkeka wake, akalala sakafuni pembeni ya kitanda chake siku tatu, hasemi lolote la maana, anasimulia umbea wa mtaa tu mpaka mgonjwa acheke. Hii ya tatu alikuwa ameilea tumboni kama yake. "Huyu namtoa mimi," alikuwa akisema, "na akigoma kutoka namfuata hukohuko."

"Nenda ukalale kambini kwa wenzako," Mshonaji akasema. "Sitaki kukuona."

Fundi alifungasha nguo mbili tatu kwenye mkoba wa spana, akaondoka bila kubisha. Wifi akaja kukaa karibu na Mshonaji.

"Wifi yangu, umemfukuza mwanaume kwenye nyumba ambayo si yako wala yake."

Mshonaji alitaka kucheka, kikatoka kilio.

Siku nne zikapita. Ujumbe wa Fundi uliingia kila mchana: "Umekula?" Hakujibu hata mmoja. Siku ya tano ukaja mwingine:

"Mwalimu yupo mtaani Jumamosi kukusanya vitu vya mama yake. Naenda kumwambia mwenyewe. Sikuombi uje."

Aliusoma mara tatu, akaandika: "Saa ngapi?"

Walikutana kituoni saa tatu asubuhi, wakatembea bila kushikana mikono. Mshonaji alikuwa hajarudi tangu siku ile. Alidhani ameshaona kila kitu kwenye picha, lakini picha hazikumwambia kwamba angepotea. Alizaliwa pale, na sasa hakujua uchochoro wa kwao ulianzia wapi. Ilibaki mistari ya misingi mchangani, ndoo, kandambili za miguu tofauti, na bahari imetulia mbele kabisa, karibu kuliko zamani. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia sakafu isiyo na nyumba. Alipowaona aliinua mkono, akaendelea kufagia.

Mwalimu alikuwa mwisho wa mtaa, amefunga khanga kiunoni, anachambua vyombo.

"Dada, na hilo tumbo umekuja huku?"

"Mume wangu ana neno."

Fundi alivua kofia. Alisimulia yote akiwa amesimama: kwa kinyozi, lori, kufuli, wiki tatu. Hakuruka kitu na hakujitetea. Alipomaliza, Mwalimu aliendelea kushika sufuria iliyobonyea, akiigeuza tu.

"Daktari amesema ni maji," akasema hatimaye. "Siku ileile. Kwa hiyo hata wangemtafuta kesho yake wasingemkuta hai. Hilo nakwambia ili dada yangu apate usingizi, si kwa ajili yako."

"Sawa."

"Na nilimpigia saa saba mchana. Nikamsihi, nikalia. Akasema mwenye nyumba hakimbii nyumba yake, akanikatia simu. Huenda ungegonga mpaka vidole vitoke damu asifungue. Huenda angefungua, maana alikuwa anakupenda. Sasa hilo sitalijua mpaka naingia kaburini, na wewe ndiye uliyeninyima."

"Nisamehe."

"Leo siwezi. Na usiniombe tena, utanichosha."

Akaweka sufuria chini, akajifuta uso kwa pindo la khanga. Kisha akaonyesha kitanda cha chuma kilichofukiwa nusu mchangani, ambacho nusu ya wanawake wa mtaa walizalia.

"Shika upande ule. Wewe mwenye tumbo kaa mbali."

Walikivuta, wakakichimbua kwa mikono, wakakivuta tena, hakuna anayesema kitu zaidi ya "ngoja" na "twende". Kilipotoka, walikibeba wote wawili mpaka kwenye gari dogo la mizigo lililoegeshwa barabarani. Mwalimu alipanda mbele na dereva, akampungia dada yake tu.

Waliobaki wawili walikwenda kutafuta kwao. Waliijua kwa sakafu: vigae vya bluu ambavyo Fundi alivipanga mwenyewe mwezi wa kwanza wa ndoa, kimoja kimekaa upande. Mshonaji aliketi palipokuwa sebule. Fundi akabaki amesimama palipokuwa nje.

"Unasubiri nini, kukaribishwa?"

Akaingia, akaketi mbali kidogo.

"Wiki tatu sijakuona ukilia," Mshonaji akasema. "Mtaa mzima umekwenda, hata chozi. Nikasema nimeolewa na jiwe."

"Ningelia ungeniuliza nalia nini."

Mshonaji akamgeukia.

"Sasa najua," akasema. "Lia."

Fundi alilia kama mtu anayetapika, ameshika magoti, bila aibu na bila kujizuia. Alimlilia Mkunga, kinyozi wake, timu yao ya mpira ya kila Ijumaa ambayo wachezaji wanne hawakupatikana. Mkewe alijisogeza taratibu kwa uzito wake, akamwekea mkono mgongoni.

"Rudi nyumbani," akamwambia kilio kilipopungua. "Lakini siku nyingine niambie ukweli, hata kama utanishusha garini. Nikitaka kushuka, nishikilie. Usinidanganye."

"Nitakushikilia."

"Haya, niinue basi. Mwanao amenilalia mshipa."

Mtoto alizaliwa wiki tano baadaye hospitali, wa kike, mwenye sauti ya kuuza samaki. Siku ya nane Mwalimu alifika bila taarifa. Alisalimia wote isipokuwa Fundi, akaketi, akampakata mtoto, akamkagua vidole, masikio, unyayo. Alikaa naye karibu nusu saa. Fundi alisimama pembeni ya kabati, hajui akae au atoke.

Ghafla Mwalimu aliruka kidogo, akatazama mapajani.

"Chukua mtoto wako, shemeji," akasema, "amenilowesha."

Tangu kimbunga kipite, hakuwa amemwita shemeji. Fundi alikuja mbio kumpokea mtoto.