Mahari ya Wiston

Kila asubuhi kabla ya chai, Wiston alipanga vizibo vya soda mlangoni. Mstari ulianzia fremu ya kulia ukaishia ya kushoto, vizibo vyote vimetazama juu, na ole wake atakayegusa hata kimoja. Asubuhi hiyo dada yake Zita, mwanafunzi wa darasa la sita, aliruka mstari huo akiwa na begi mgongoni na ndoo ya maji mkononi. Maji yakamwagika, na kizibo kimoja kikahama.

"Aaaa!" Wiston alipiga kelele, akaziba masikio.

"Ni kizibo tu, Wiston! Jamani, kizibo!" Zita alikirudisha haraka haraka, akakiweka kimepinduka, na kelele zikaanza upya. "Mama, mimi nimechoka na huyu mtoto!"

"Kiweke kama alivyokiweka yeye," mama alijibu kutoka jikoni. "Ukiwa na haraka ndiyo anakuchelewesha zaidi."

Kusema ni rahisi. Mama hakuwa na kitabu cha katuni cha kumaliza shuleni.

Wiston alikuwa na miaka minane, na alikuwa na usonji. Mwalimu Bernadetha, aliyesomea elimu maalumu, ndiye aliyewaeleza wazazi wake neno hilo. Aliwaambia kuwa ubongo wa mtoto mwenye usonji hupokea sauti, mwanga na mabadiliko kwa namna yake. Usonji hauambukizi, na hakuna aliyemroga mtu. Wiston alisema maneno machache tu. Lori likipiga honi kwenye barabara kuu ya Nyakahura, alilia mpaka akatapika. Darasani hakuweza kumaliza kipindi, na mwalimu mkuu alikuwa ameshasema wazi: bila sehemu tulivu ya kumpeleka, itabidi abaki nyumbani.

Sehemu yenyewe ilikuwepo. Nyuma ya shule, mbali na barabara, kulikuwa na stoo ya mahindi ya uji wa wanafunzi. Mwalimu Bernadetha aliiomba, lakini baadhi ya wazazi wakakataa katakata: mahindi yawekwe wapi? Ndipo alipoiambia klabu ya uchoraji itengeneze kitabu cha katuni kuhusu usonji. Wazazi wangekinunua na kukisoma kwenye mkutano, na fedha zingenunua mikeka na vifaa vya kuziba masikio. Jina la kitabu likawa MPENI MAHALI. Msimamizi wa wachoraji akawa Zita.

Loo! Kama hujawahi kusimamia wachoraji, usiombe.

"Danstan, huyu anayeruka angani ni nani?" Zita aliuliza akishika karatasi.

"Wiston," Danstan alijibu kwa fahari. "Ana akili za ajabu. Anapiga hesabu za chuo kikuu."

"Wiston hajui tatu jumlisha mbili! Anapenda vizibo. Basi!"

"Sasa hiyo nayo ni hadithi?"

"Na wewe Suzan, mbona wako analia kuanzia mwanzo mpaka mwisho?"

"Si mgonjwa?"

"Si mgonjwa! Khaa! Tumeambiwa mara ngapi?"

Walibishana mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwishowe Danstan, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, aliandika maneno ya kurasa zilizokwisha na jina kwenye jalada. Tatizo la Danstan lilijulikana shule nzima. Mdomoni mwake l na r zilibadilishana nafasi, na alivyotamka ndivyo alivyoandika. Siku moja aliomba karamu ya kuandikia imla, na tangu hapo wenzake walimwita Karamu.

"Zita," Mwalimu Bernadetha alisema akimkabidhi bahasha ya kurasa za wenzake, "kesho asubuhi napeleka hizi steshenari Biharamulo zikatolewe kopi. Leo usome kila neno. Unamjua Danstan na herufi zake."

"Sawa, Mwalimu."

Jioni Zita alikaa uani amalizie hadithi yake mwenyewe, ile ya ukurasa wa kwanza, kuhusu dada mpole asiyekasirika kamwe. Wiston alikuja, akachukua penseli za rangi, akaanza kuzipanga chini. Zita akazinyakua. Wiston akapiga kelele, akavuta, na karatasi ikachanika katikati.

"Sasa imenifika hapa!" Zita aligusa shingo. Alimshika mkono, akamwingiza kwenye jiko la nje, akafunga komeo.

Wiston aligonga mlango kwa viganja. Aligonga na kulia, na Zita akachora upya, meno ameyauma. Alichora dada amemkumbatia mdogo wake. Akampaka dada gauni la bluu na tabasamu kubwa.

Mama alirudi kutoka shamba, akafungua jiko. Alimtazama Wiston aliyelowa jasho, akatazama picha, akamtazama Zita. Zita akakasirika zaidi, akaingia kulala. Bahasha ya wenzake hata hakuifungua.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema asubuhi akirudisha bahasha.

"Marahaba. Umesoma yote?"

"Nimesoma yote." Mwalimu akaitia bahasha mkobani bila kuifungua.

Siku ya mkutano, boksi la vitabu lilifunguliwa mbele ya wazazi. Wa kwanza kuchukua alikuwa Bibi Ng'washi, mfugaji na mjumbe wa kamati ya shule, ambaye ndiye aliyeongoza kuikataa ile stoo. Alikisogeza kitabu mbali na macho, akasoma kwa sauti, "Mpeni... mahari." Akanyanyua uso. "Mwalimu, kuna nani anaolewa hapa?"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko.

"Ng'ombe wangapi?" baba mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Na huku ndani!" Bibi alifunua kurasa. "'Wiston anataka mahari penye utulivu!' Mahari penye utulivu ndiyo ipi hiyo?"

"Karamu huyo! Karamu!" wanafunzi walipiga kelele dirishani.

Danstan aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mwalimu Bernadetha alifumba macho. Pale kwenye benchi la mbele, Wiston aliziba masikio, akaanza kupiga mayowe mapajani kwa mama yake.

"Mnaona?" mtu alisema. "Ndio hawa tuwape stoo? Hata kuandika tu kumewashinda."

Zita alikuwa ameketi kando ya boksi la vitabu. Hakuna aliyemtazama yeye. Wote walimcheka Danstan, na Danstan wala hakujitetea. Angenyamaza tu, yangepita. Lakini stoo nayo ingepita, na Wiston angerudi nyumbani kwenye vizibo vyake.

Akasimama. "Si Danstan!" Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Niliambiwa nisome kila neno. Sikusoma. Nikamwambia Mwalimu nimesoma."

Vicheko vilipungua.

"Na hadithi ya ukurasa wa kwanza ni uongo. Mimi si mpole hivyo. Nilimfungia Wiston jikoni ili nipate nafasi ya kuchora jinsi ninavyompenda." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa hasira. "Ananichosha! Kila siku ananichosha. Lakini hajarogwa, na wala hana akili za ajabu. Kelele zinamuumiza, kama hivi mlivyocheka. Anataka mahali. Ma-ha-li! Nyumbani mimi nilichompa ni jiko na komeo."

Ukumbi ulikuwa kimya. Na katika kimya hicho watu wakagundua kwamba hata Wiston amenyamaza. Alikuwa ameshusha mikono, anageuza kizibo kimoja vidoleni.

Bibi Ng'washi alimwinamia. "Ametulia kwa sababu tumenyamaza?"

"Ndiyo, bibi," Zita alisema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Sasa mbona hamkusema hivyo tangu mwanzo?" Bibi alifoka, kisha akajikumbuka, akafoka kwa kunong'ona. "Vikao vyote vile mnatusomea maneno marefu, leo mnatuletea watoto wanaoruka angani! Haya. Sisi mahari tunatoa kwa mtu tunayetaka aje akae kwetu. Mmeandika tutoe mahari, basi mimi natoa ghala langu. Mahindi ya shule yahamie kwangu."

"Mimi natoa mkeka," mama mmoja alinong'ona.

"Mlango wa stoo nitautengeneza mimi," baba wa nyuma alisema polepole. "Huo wa sasa unalia kupita kiasi."

Ikawa wanapanga mahari kwa kunong'ona, watu wazima wote wale, na vitabu vikaisha kwenye boksi.

Mkutano ulipokwisha, Mwalimu Bernadetha alimwita Zita pembeni. "Nimekukasirikia, usidhani yamekwisha," alisema. "Danstan alikosea herufi, na herufi inafundishika. Wewe ulisema umefanya kazi ambayo hukuifanya, mwenzako akachekwa kwa sababu yako. Kamwombe radhi. Lakini ulisimama ukasema kweli, na kweli hiyo ndiyo imetupatia chumba, si picha zako. Kumchoka mdogo wako si kosa, Zita. Ukichoka, sema, usaidiwe. Usifunge mlango halafu ukachora tabasamu."

Zita alimfuata Danstan uwanjani. "Nisamehe."

"Yameisha," Danstan alisema akipiga jiwe teke. "Tukitoa kopi nyingine, utalirekebisha jalada?"

"Nani, mimi? Liache hivyo hivyo."

Wiki iliyofuata, stoo ilikuwa tupu na imefagiliwa. Zita alifika na ndoo ya maji ya kudekia, akakuta vizibo vimeshapangwa mlangoni, kuanzia fremu ya kulia hadi ya kushoto. Alivuta pumzi. Aliweka ndoo chini kwanza, ndipo akaruka.