Mistari Sita ya Njugu

Kila asubuhi Nanjala alipita njia moja kwenda shuleni. Njia hiyo ilikata katikati ya shamba la njugu la nyanya yake, ikashuka mtoni, kisha ikapanda kilima mpaka shuleni. Ilikuwa njia fupi. Watu wote wa boma la Barasa, karibu na Malava, waliitumia.

Wote isipokuwa nyanya mwenyewe.

Nanjala alimwita Kukhu, kama watoto wa huko wanavyowaita nyanya zao. Kukhu alizunguka. Alipita kando ya ua, akapita penye migomba, akateremka kwenye mawe yenye utelezi, mkongojo mkononi. Magoti yalimuuma, lakini alizunguka wakati wa jua na wakati wa mvua. Hata kupalilia, alipalilia pembeni tu. Kazi ya katikati alimwachia mkwewe Jael, mama yake Nanjala.

"Kukhu, kwa nini hupiti hapa katikati?" Nanjala aliuliza siku moja.

"Miguu yangu imezoea kule."

"Lakini kule ni mbali!"

"Nimekuomba unibebe?"

Nanjala alicheka. Lakini swali halikumtoka. Alikuwa msichana wa maswali. Aliwahi kuuliza pia kwa nini aliitwa Nanjala, jina la mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na yeye alizaliwa wakati ghala limejaa mahindi. Siku hiyo Kukhu alichukua mtungi, akaenda kuchota maji.

Huo ulikuwa mwaka wa nne wa Uhuru. Nanjala alikuwa darasa la saba. Mwezi wa Novemba angefanya mtihani, na alitaka sana kuwa mwalimu.

Mwezi wa Aprili aliona damu kwa mara ya kwanza. Aliogopa, akadhani ameumia. Mama yake alimpa vitambaa, akamwambia, "Umekuwa mkubwa." Kukhu alimwita kando, akampa amri.

"Ukiwa katika siku zako, usikame ng'ombe. Maziwa yatakauka. Na usipite kwenye njugu. Zitakufa."

"Zitakufa kwa nini, Kukhu?"

"Zitakufa kwa sababu zinakufanga."

Mwezi wa Juni mvua kubwa ilinyesha asubuhi. Nanjala alikuwa katika siku zake, na tena alikuwa amechelewa. Alisimama penye shamba. Akatazama njia ndefu, akatazama njia fupi. Akakimbia katikati.

Baada ya majuma mawili, njugu za upande wa mtoni zikaanza kugeuka manjano. Majani yalijikunja. Mimea ikabaki mifupi.

Kukhu alisimama pembeni mwa shamba.

"Nani amepita hapa katika siku zake?"

Jael alitikisa kichwa. Nanjala hakujua kusema uongo.

"Ni mimi, Kukhu. Mvua ilikuwa nyingi."

Kukhu hakumpiga wala hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye majani mabichi, kama mtu aliyepewa habari za msiba.

"Kuanzia sasa," akasema polepole, "siku zako zikifika, utakaa nyumbani. Hakuna kutoka. Hakuna shule."

"Siku tano kila mwezi? Na mtihani?"

"Njugu ndizo zinakulisha. Mtihani hauliwi."

Barasa, baba yake Nanjala, alikuwa mwashi, na kazi ilimweka Mumias. Nyumbani neno la Kukhu ndilo lililosimama.

Mwezi wa Julai Nanjala akabaki nyumbani. Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Kila Alhamisi nesi mmoja, Sista Mideva, alikuja kwa baiskeli mpaka kambi ya chifu kupima watoto wachanga.

"Twende unisaidie kumbeba mdogo wako," Jael akamwambia. "Tutafuata barabara."

Sista Mideva alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka. Alipima mtoto, akamsifu, kisha akamtazama Nanjala.

"Na wewe? Leo si siku ya shule?"

Nanjala akatazama miguu yake. Jael akasema kwa sauti ya chini, "Yuko katika siku zake, Sista. Mama mkwe amemkataza."

Sista Mideva akawapeleka nyuma ya jengo, mahali pasipo na watu.

"Umeambiwa damu hii ni nini?"

"Ni ukubwa," Nanjala akajibu.

"Ukubwa peke yake hautoi damu. Mimi ni mkubwa kuliko wewe, na mwaka huu nimeacha kuiona!" Sista akacheka. "Sikiliza. Ndani ya tumbo lako kuna nyumba ndogo ya mtoto. Kila mwezi nyumba hiyo hujitandika vizuri, kama kitanda kinachongoja mgeni. Mgeni asipokuja, matandiko hutoka. Hayo ndiyo damu. Inaitwa hedhi. Si ugonjwa, wala si uchafu wa kuonea haya."

Nanjala akasahau haya yake. Maswali yakamjia pamoja.

"Na maumivu ya tumbo? Wasichana wakubwa wanasema hayaishi mpaka ulale na mwanamume."

"Waliambiwa hivyo na nani? Na mvulana, au?"

Jael akaangua kicheko, akaziba mdomo kwa leso.

"Hiyo si dawa," Sista akasema. "Weka chupa ya maji moto tumboni, tembea kidogo, pumzika. Yakizidi sana, njoo kwangu. Tena ujue hili. Tangu ulipoanza hedhi, mwili wako unaweza kushika mimba, hata kwa mara moja tu. Anayekuambia mara ya kwanza haishiki, anakudanganya. Na kuweza kubeba mimba si kuwa tayari kubeba. Umesikia?"

"Nimesikia. Na vitambaa vyangu? Naanika chini ya kitanda, watu wasione."

"Chini ya kitanda havikauki vizuri. Vinakuletea kuwashwa na ugonjwa. Fua kwa sabuni, anika juani. Ukiona haya, funika kwa kanga nyepesi. Jua litapita."

Lile swali kubwa lilikuwa bado.

"Sista, hedhi inaua njugu?"

"Mimi nasema haiui. Lakini Kukhu yako anasema inaua. Utamwamini nani?"

"Sijui."

Sista Mideva akaonyesha kwa kidole shamba dogo hapo kambini. Lilikuwa la Bwana Shamba, jina lake Joash. Mistari mitatu ilikuwa ya mahindi ya mbegu mpya, mistari mitatu ya mbegu ya zamani.

"Watu walipokataa mbegu mpya, Bwana Shamba alifanyaje?"

"Alipanda zote mbili. Akawaambia watazame wenyewe."

"Basi?" Sista akasema.

Njia yote ya kurudi Nanjala alikuwa anafikiri.

Jioni alimwambia Kukhu, "Nipe mistari sita tu, nyuma ya jiko. Nitapanda njugu. Nikiwa katika siku zangu nitapita kwenye mistari mitatu. Mitatu mingine sitaikanyaga. Ile nitakayoikanyaga ikifa, sitauliza tena maisha yangu yote."

"Hutauliza tena?" Kukhu akasema. "Hilo peke yake lingenipa usingizi."

Kisha akasema, "Sawa. Lakini mistari nitachagua mimi. Na mpaka tuone, siku zako zikifika unabaki nyumbani."

Mwezi wa Agosti mwishoni walipanda. Kukhu mwenyewe alichomeka kijiti kwenye kila mstari, akafunga kamba ya mgomba kwenye vijiti vitatu. Hiyo ilikuwa alama ya mistari ya kukanyagwa. Siku za Nanjala zilipofika, Kukhu alisimama na mkongojo wake kama askari wa jela.

"Kanyaga vizuri! Usirukeruke kama mbuzi. Isiwe baadaye mnasema hukukanyaga."

"Nakanyaga, Kukhu."

"Rudi tena. Pita na huku."

Nanjala akapita kati ya mimea. Akapita tena mwezi uliofuata. Kila asubuhi alikuta alama za mkongojo kwenye udongo. Kukhu alikuwa ametangulia kuangalia. Mistari yote ilikuwa kijani. Maua ya manjano yakatoka, vikonyo vikashuka ardhini.

Lakini Nanjala alikuwa na wasiwasi mwingine. Sista Mideva alimfundisha kuhesabu siku. Kwa wanawake wengi ni kama siku ishirini na nane, alisema, ingawa kwa msichana anayeanza zinaweza kusogea. Nanjala alichora mistari ya mkaa ukutani. Aliihesabu mara tatu. Mtihani ungemkuta katika siku zake.

Majuma mawili kabla ya mtihani, Kukhu aliita kwa sauti kubwa.

"Nanjala! Njoo haraka!"

Nanjala akatoka mbio. Kukhu alikuwa ameinama kwenye mistari. Mmea mmoja ulikuwa wa manjano, majani yamejikunja, sawasawa na yale ya mwezi wa Juni.

"Umekanyaga hapa?"

Nanjala akatazama kijiti. Hakikuwa na kamba ya mgomba.

"Hapana, Kukhu. Huu ni mstari usiokanyagwa. Wewe ndiwe ulichagua."

Kukhu akatazama kijiti. Akatazama mmea. Akaligeuza jani, akalisogeza karibu na macho. Chini ya jani walijaa wadudu weusi, wadogo kama punje za baruti.

"Hawa nao walitoka wapi?" akanong'ona.

Sista Mideva alipokuja kumtazama mtoto wa Jael, walimwonyesha. Alichukua jani, akaenda nalo kwa Bwana Shamba. Akarudi na jibu siku moja kabla ya mtihani.

"Wadudu hawa wanafyonza mmea, Mama. Wakitoka kwenye mmea mgonjwa, wanabeba ugonjwa mpaka mwingine. Bwana Shamba anasema ng'oa mmea wa manjano mapema. Panda mvua za kwanza, tena panda karibu karibu. Wadudu hao hupenda shamba lililochelewa na lenye nafasi tupu."

Kukhu aling'oa mmea mmoja kutoka mstari wa kamba, na mmoja kutoka mstari usio na kamba. Akakung'uta udongo. Njugu changa zilining'inia kwenye yote miwili. Alizishika, moja mkono huu, nyingine mkono ule, kama mtu anayepima uzito.

"Nilikuwa nimeolewa miezi miwili," akasema. "Mvua ilikuwa inanyesha, kama kwako. Nikapita kwenye njugu za mama mkwe wangu, nikiwa katika siku zangu. Mwezi haukuisha, nzige wakaja."

Jael akaacha kumbembeleza mtoto.

"Walikula kila kitu. Walikula mpaka majani ya paa. Watu wakasema ni mimi. Katika njaa ile nikazaa binti yangu wa kwanza. Tukamwita Nanjala. Sikuwa na chakula, maziwa yakakauka. Alikaa miezi mitatu." Akamtazama mjukuu wake. "Wewe una jina lake. Tangu hapo nazungukanga."

Kisha Kukhu akauliza, kama mtoto anayeuliza mwalimu:

"Sista, nzige wale walitoka wapi?"

"Walitoka mbali, Mama. Kule jangwani. Kwetu Maragoli walikula. Mumias walikula. Walifika mpaka kwa Wanandi."

"Kote huko?"

"Kote huko."

Kukhu akafikiri.

"Basi wanawake wa kote huko," akasema taratibu, "walipita kwenye njugu mwezi ule mmoja?"

Sista Mideva akatikisa kichwa. Kukhu akaanza kucheka, kicheko kidogo, kikavu. Kisha machozi yakamtoka. Nanjala alikaa karibu naye, akamshika mkono wenye udongo.

"Haikuwa wewe, Kukhu," akasema.

"Haikuwa mimi," Kukhu akarudia. "Haikuwa mimi."

Asubuhi ya mtihani Nanjala alikuwa katika siku zake. Alikuwa na vitambaa safi vilivyokaushwa juani. Kukhu alikuwa amekwisha kuweka maji moto kwenye chupa.

"Pita katikati," akamwambia. "Usichelewe."

Nanjala alifaulu. Mwezi wa Januari alipata nafasi katika shule ya sekondari ya wasichana. Mvua za kwanza za mwaka huo Jael alipanda njugu mapema, karibu karibu, na Kukhu aling'oa kila mmea ulioonyesha manjano. Shamba lote likawa kijani mpaka mtoni.

Asubuhi moja, Nanjala akiwa nyumbani kwa likizo, alimwona Kukhu amesimama mwanzo wa ile njia fupi. Alisimama muda. Kisha akatanguliza mkongojo, akaingia shambani, akaenda moja kwa moja, polepole, katikati ya njugu.

Jirani yao Mama Lazaro alikuwa ng'ambo ya mto akifua. Akainuka kwa mshangao.

"Mama Barasa! Umepotea njia leo?"

Kukhu hakusimama.

"Sijapotea," akamjibu. "Nimechoka kuzunguka."