Mtoto wa Kilo Tano

Mwanangu alikuwa anageuka zambarau... na ndugu zangu walikuwa wanampiga picha.

Naitwa Zenaida, wa Alvarado, pwani ya Veracruz. Mimba ikiwa na miezi minne niliambiwa nina kisukari, nichome insulini kila siku. Wadau, yaliyofuata sina hamu nayo hadi leo.

Teodulo alizaliwa saa nne asubuhi, kilo tano kasoro kidogo. Wodi nzima ikaja kumtazama.

"Hili si toto, ni dume la ng'ombe," shangazi alisema. Watu wakacheka.

Mama yangu, Hortensia, akanibusu kwenye paji la uso. "Unaona? Ugonjwa gani unaozaa jitu namna hii?"

Mmoja tu hakucheka... mama mkwe wangu, doña Eufrasia. Mimi na yeye tulikuwa paka na panya. Akasogea, akamshika mtoto mkono.

"Anatetemeka huyu."

"Baridi tu," mama akasema.

"Baridi ya wapi, Alvarado mwezi wa tano? Na midomo hiyo je?"

Akatoka mbio kumwita nesi.

Wakamtoboa kisigino. Nesi akasoma kipimo, akakirudia. Kisha akamnyakua mwanangu na kukimbia naye, bila kuniambia neno.

Saa mbili baadaye daktari akaja, mama mtu mzima, kachoka.

"Sukari ya mtoto ilikaribia kuisha kabisa. Amepata degedege. Tumboni alizoea sukari yako nyingi, mwili wake ukatengeneza insulini nyingi kuimudu. Kitovu kilipokatwa, sukari ikakatika, insulini ikabaki. Ule unene haukuwa afya."

"Lakini mimi nachomwa kila siku, daktari."

"Vipimo vyako vinasema hujapata insulini kwa miezi."



Nikamgeukia mama mkwe. Mara mbili nilimfuma kwenye friji langu, kashika zile chupa.

"Ni wewe. Ulitaka nife, mwanao aoe mwingine."

Hakukasirika.

"Nilikuwa naziangalia, binti yangu. Chupa ileile, miezi miwili, haipungui. Nikamwambia mumeo. Akasema nisitafute ugomvi na mama yako."

Mama yangu...

Mama ndiye aliyekuwa ananichoma, asubuhi na jioni. Mimi sindano naziogopa, nilikuwa nafumba macho.

"Mama?"

Alikuwa anatazama sakafu.

"Yalikuwa maji. Niliyachemsha vizuri. Baba yako alianza insulini, mwaka uleule akapofuka. Ningekuacha nawe upofuke, Zenaida?"

Daktari akavuta pumzi. "Kilichompofusha ni sukari, mama. Insulini ilikuja imechelewa."

Mama akakaa chini palepale sakafuni.

Teodulo yupo. Alilala siku kumi na moja kwenye chumba cha joto. Sasa ana mwaka mmoja, bado hawezi kukaa mwenyewe, na degedege humrudia. Hakuna anayejua itakuwaje.

Kila Jumapili mama huja na uji wa mahindi. Doña Eufrasia ndiye humfungulia mlango. Mimi bado sijaweza kumtazama mama usoni.

Wewe mwenye mimba na kisukari unayesoma hapa: sindano ishike mwenyewe, dozi isome kwa macho yako. Usimwachie hata anayekupenda kuliko wote. Mimi aliyeniharibia mtoto hakuwa adui.