Kipimo cha Tano

Binamu yangu tunamwita Kichwa. Kikubwa hicho, hata kofia zinamkimbia! Ndiye aliyeiandikia hospitali programu ya kuwakumbusha wauguzi muda wa dawa, na alijigamba kwamba aliimaliza akiwa amesimama, chai mkononi.

Ndani aliweka orodha ya vipimo vya muda visivyobadilika: SEKUNDE, DAKIKA, SAA, SIKU. Muuguzi anaandika jina la kipimo, programu inalitafuta kwenye orodha. Likikosekana, ilitakiwa igome, ipige kelele. Kichwa akaona kelele za nini? Akaiamuru ikikosa jina ichukue SIKU, kimyakimya.

Sista wa wodi ya wanawake akaandika: kidonge kimoja cha dawa kali kila WIKI. Wiki haikuwemo. Wenzake wa zamu wakafuata kioo cha kompyuta kilivyosema, wakampa bibi wa kitanda cha sita kila siku.

Siku ya nane bibi akafa.

Kwenye kikao cha uchunguzi Kichwa alikaza shingo. "Programu yangu haikosei. Sista ndiye aliyeandika siku."

Sista akamtazama tu. "Kaka, wewe unajua nilichoandika."

Sista akafukuzwa kazi. Na Kichwa, mdomo wote ule, akawa hawezi hata kujitazama kwenye kioo cha kunyolea.

Mchana mmoja, jua kali, ofisini peke yake, akaifuta ile amri ya aibu. Akajaribu: WIKI. Sasa lazima igome.

Ikajibu: IPO.

Akaikagua orodha. Vipimo vinne. Akaiamuru ivitaje. Ikataja vitano.

Cha tano: BIBI WA KITANDA CHA SITA.

Jasho likamtoka, la baridi. Akaandika: kina urefu gani?

SIKU NANE. NILIZIHESABU.

Akachomoa waya. Kioo hakikuzima.

"Bibi," akanong'ona, "nisamehe."

USINIAMBIE MIMI.

Akaandika barua palepale, kwa mkono, akiungama uongo wake wote. Akaweka sahihi, akaifunga bahasha kwa gundi, akakimbia nayo hadi kwa daktari mkuu. Akasimama mbele ya meza kama mtoto aliyejikojolea.

Daktari akaichana bahasha, akasoma taratibu.

"Sista atarudi kazini leo leo," akasema. "Wewe tutaongea. Lakini huyu shahidi wako ni nani?"

"Shahidi gani?"

Daktari akaigeuza karatasi. Chini ya sahihi palikuwa na alama ya dole gumba. Dogo, lenye makunyanzi.

Daktari akaigusa. Wino ukamganda kidoleni. Ulikuwa bado mbichi.